Pikapu Inayogoma Alfajiri na Kuchemsha Mchana: Vidokezo vya Kipawa

Saa kumi na moja alfajiri Kipawa imeshaamka. Wa machinjio ya Vingunguti wanawahi nyama, wa Buguruni na Ilala wanawahi mboga, na ng'ambo ya uzio wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ndege ya kwanza imeanza kunguruma. Hapo ndipo stata ya pikapu ya jirani inapozunguka, inazunguka, inazunguka, kisha kimya. Mchana pikapu hiyohiyo unaikuta pembeni ya Barabara ya Nyerere, boneti juu, mvuke unafuka, dereva ameshika kidumu cha maji.

Wenye magari wengi huyahesabu hayo kuwa magonjwa mawili, wakayapeleka kwa mafundi wawili kwa siku mbili tofauti. Wakati mwingine chanzo ni kimoja: injini iliyonyimwa joto lake. Injini ya pikapu hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi hivi. Ikizidi hapo inaungua, na ikibaki chini ya hapo inalika polepole, inakula dizeli na kutoa moshi. Sisi wa Pwani tunaogopa upande mmoja tu, wa kuchemsha, na kwa woga huo tunang'oa vitu ambavyo havikupaswa kung'olewa.

Vidokezo hivi vinamhusu zaidi mwenye pikapu ya dizeli ya zamani: Hilux ya 2L, 3L au 5L, Land Cruiser ya 1HZ, Nissan ya TD27, L200 ya 4D56. Mwenye kirikuu, kile kipikapu kidogo cha petroli, naye ana chake huko mbele.

1. Usisingizie baridi

Dar es Salaam haina baridi ya kugomesha injini. Hata katikati ya kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku wetu hushuka hadi nyuzi 18 au 19 tu, na dizeli nzima haishindwi na nyuzi 18. Kwa hiyo pikapu ikigoma Kipawa ina kasoro, na kipupwe kimeifichua tu. Hiyo ni habari njema, kwa sababu kasoro inatafutika.

Dizeli haina plagi za cheche. Injini hizi za zamani hubana hewa zaidi ya mara 20 mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Zinahitaji mambo matatu: kuzungushwa kwa kasi, joto ndani ya silinda, na dizeli isiyo na hewa. Tafuta kwa mpangilio huo, maana ndio mpangilio wa gharama. Ni uchungu kumwona mtu ameshusha pampu ya dizeli, ametumia fedha ya mwezi mzima, na kumbe waya wa betri ulikuwa umeliwa na kutu.

2. Anza na betri, na usiishie kwenye betri

Pima asubuhi kabla hujagusa swichi. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imepungua, na ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Piga stata huku mtu anatazama mita: ikianguka chini ya 9.5, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Injini ikishawaka, alteneta inapaswa kutoa kati ya 13.8 na 14.5. Kinachoua betri zetu ni joto la Januari na Februari. Kipupwe kinakuja kutoa taarifa ya msiba tu.

Halafu nyaya. Hewa yetu ina chumvi ya bahari, na unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni adui wa kweli. Safisha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza, paka grisi. Usisahau waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bloku ya injini, kwa sababu hapo ndipo watu hawaangalii. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya huo unakuibia umeme.

Stata ikisema "tik" moja bila kuzunguka na betri ni nzima, zile shaba mbili ndani ya solenoidi zimelika. Hutokea sana kwenye stata za Toyota. Shaba hizo zinauzwa Gerezani, Kariakoo, na fundi umeme anazibadilisha bila kukuuzia stata nzima. Mwombe abadilishe shaba kwanza.

3. Hita plagi: zipime moja moja

Injini za 2L, 3L, 5L na 1HZ zina kichumba kidogo pembeni ya silinda ambamo dizeli huanza kuwaka. Kichumba hicho kikiwa cha baridi hunyonya joto lote la hewa iliyobanwa, ndiyo maana injini hizi huhitaji hita hata hapa kwetu kwenye joto. Hilux mpya za D-4D, ambazo nozeli zake hunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda, huwaka Dar hata hita zikiwa zimekufa, na wenyewe hawajui mpaka wafike Njombe.

Kupima ni rahisi. Fungua lile bamba linalounganisha hita zote. Chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Mmoja ushike chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha hita. Balbu ikiwaka, hita haijakatika. Isipowaka, imekufa. Hita mbili zikifa kati ya nne, pikapu itawaka kwa shida huku ikitetemeka na kufuka moshi mweupe mpaka silinda zote zipate moto. Kisha rudisha bamba, washa swichi, na ujaribu balbu kati ya bamba na bodi. Ikikataa kuwaka, hita zako hazina kosa, umeme haufiki. Tazama fyuzi yake kubwa na rilei.

Unaponunua hita, soma volti zilizochorwa kwenye ya zamani. Baadhi ya Toyota zilitoka kiwandani na hita za volti 6 zinazoendeshwa na kifaa chake maalumu. Fundi akikata mfumo huo na kuweka kibatani cha kubonyeza kutoka kwenye betri moja kwa moja, hita za volti 6 zinaungua ndani ya siku chache, na ncha yake ikivunjika inaweza kudondokea ndani ya injini. Ukitaka kibatani, weka hita za volti zinazolingana na betri yako.

Jambo jingine dogo: taa ya hita ikizimika kwenye dashibodi haina maana kwamba hita zimezimika. Kwenye magari mengi zinaendelea kupasha kwa sekunde kadhaa. Asubuhi ya kipupwe subiri kidogo baada ya taa kuzimika, au zungusha swichi mara mbili, ndipo upige stata.

Na tafadhali, usiruhusu mtu apulizie petroli au dawa ya kuwashia kwenye mdomo wa hewa wakati hita ni za moto. Inaweza kulipuka usoni mwake, na inaweza kuvunja pistoni.

4. Hewa kwenye dizeli

Pikapu inayowaka vizuri mchana kutwa lakini inagoma baada ya kulala inaweza kuwa imeingiza hewa. Usiku kucha dizeli imeteremka kurudi tangini kupitia ufa ambao hata haudondoshi tone, kwa sababu ufa huo hunyonya hewa badala ya kutoa mafuta.

Jaribio lake halina gharama. Kabla ya kupiga stata, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa ngumu mara moja, mfumo umejaa. Ikihitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo iwe ngumu, na baada ya hapo gari likawaka mara moja, umeshampata mwizi. Mshukiwa wa kwanza ni pampu hiyo hiyo ya mkono, ambayo mpira wake hukauka. Wa pili ni vipira vifupi vya dizeli vilivyokakamaa. Wa tatu ni filta iliyofungwa bila kukazwa. Weka kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga kabla ya pampu ya dizeli, uwashe injini, na utaona mapovu kwa macho yako.

5. Moshi wa asubuhi unasema

Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, unaotoweka injini ikipata moto: hita, au injini iliyochoka kubana. Moshi mweupe mzito usiotoweka, wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua: maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, basi fungua filta ya hewa. Kwa vumbi la mitaa ya Kipawa na Karakata hujaa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

6. Mwambie fundi aiache thamostati mahali pake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini hakuna ushauri wa gereji uliodhuru injini nyingi Dar es Salaam kuliko huu: "Kaka, hii nchi ya joto, thamostati ya nini? Itoe maji yapite."

Thamostati ni mlango. Ndani yake kuna nta inayovimba ikipata joto. Maji yakiwa ya baridi mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi, au namba yoyote iliyochorwa kwenye kidude chenyewe, mlango unaanza kufunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta.

Ukiitoa, injini inachukua muda mrefu kufikia joto lake, na kwenye safari fupi za Kipawa hadi Buguruni haifiki kabisa. Dizeli isiyoungua vizuri inapita pembeni ya pistoni na kuchafua oili. Silinda zinalika upesi, na silinda zilizolika hazibani hewa vya kutosha. Matokeo yake ni kwamba baada ya mwaka au miwili injini inaanza kugoma alfajiri. Mwenye gari anabadilisha betri, anabadilisha hita, anashusha nozeli, bila kukumbuka kidude kilichotupwa kwenye sakafu ya gereji.

Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina sahani ya pili chini yake. Mlango wa juu ukifunguka, sahani hiyo huziba njia ya mkato. Ukiitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Kwa hiyo ukipandisha mlima wa Pugu ukiwa na mzigo, gari lisilo na thamostati linaweza kuchemsha kuliko lile lenye nayo. Umetoa kitu ili lisichemshe, na umeongeza kuchemsha.

Thamostati ikiganda kweli, badilisha. Kabla ya kuifunga mpya, ijaribu jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, uone inafunguka wapi na inafunguka kiasi gani. Isiyofunguka maji yakitokota, irudishe dukani. Na ile yenye kijitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, fundi akifunga aweke kipini juu ili hewa itoke.

Utajuaje kama uliyonunua imeng'olewa thamostati? Washa injini ya baridi, shika hosipaipu ya juu ya rejeta. Yenye thamostati nzima hubaki ya baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto ghafla. Isiyo nayo hupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo.

7. Kidude cha nta kwenye pampu

Ubavuni mwa pampu ya dizeli ya 2L, 3L na 1HZ kuna kifaa kingine cha nta ambacho vipira viwili vidogo vya maji ya injini hupita. Injini ikiwa ya baridi, kifaa hicho huwahisha dizeli na kupandisha mzunguko kidogo ili iwake kwa urahisi. Maji yakipata moto, nta inavimba na kuachia. Mafundi wengi huvikata vipira hivyo vikianza kuvuja. Kuanzia hapo pampu hudhani ni alfajiri siku nzima: injini inagonga, inazunguka juu, na dizeli inakwisha. Injini isiyo na thamostati inapata shida hiyohiyo, maana maji yake hayafikii joto la kukivimbisha. Vipira vipya ni vya bei ndogo. Virudishwe.

8. Maji ya kisima ni ya kufulia, si ya rejeta

Hapa kwetu visima vingi vina chumvi, kila mtu anajua kwa kuonja. Maji hayo yakiingia kwenye injini yanafanya mambo mawili. Madini yake hujijenga kama gamba ndani ya vijimirija vya rejeta na kuzunguka silinda, na gamba huzuia joto lisitoke. Chumvi yake hula aluminiamu ya silinda hedi, mapanga ya pampu ya maji, na vile vizibo vya bati vilivyo ubavuni mwa bloku. Ukiona kizibo kinatokwa machozi ya kutu, usitafute mchawi.

Kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya theluji peke yake. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Kama hupati yaliyochujwa maalumu, maji safi ya mvua za masika uliyokinga baada ya paa kuoshwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Ukiomba "maji ya betri" dukani, hakikisha ni maji matupu na si asidi. Usichanganye kulanti nyekundu na ya kijani bila kujua zinapatana. Baadhi zikikutana hutengeneza ute. Na jihadhari na kile kidumu cha bei ya kutupwa barabarani, ambacho ndani yake mna maji na rangi.

Badilisha kulanti ya kawaida kila miaka miwili. Kama rejeta yako imenyweshwa maji ya kisima kwa miaka, isafishwe kabla ya kutia kulanti. Mwenye rejeta ya shaba anaweza kuifungua juu na chini ikapigwa fito ndani ya mirija. Yenye matangi ya plastiki, mara nyingi ni nafuu kununua nyingine.

9. Kifuniko cha rejeta

Kidogo, cha bei ndogo, na hakuna anayekiangalia. Kifuniko cha Toyota kilichoandikwa 0.9 hushikilia shinikizo linalopandisha kiwango cha kuchemka kwa maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu 118. Mpira wake ukipasuka, nyuzi hizo 18 zote zimekwenda. Nunua chenye namba ileile. Dalili ya kibovu: injini ikipoa, hosipaipu ya juu inanywea na kujibana, au tanki dogo la pembeni linajaa lakini maji hayarudi kwenye rejeta.

10. Uliza: inachemsha lini?

Inachemsha kwenye foleni tu, pale kabla ya daraja la Mfugale, lakini ikipata mwendo inapoa: tatizo ni feni. Ile klachi ya feni yenye mafuta mazito ndani imechoka, au mkanda umelegea, au kava la feni limetolewa na halikurudishwa. Bila kava, feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Mkanda ukiusukuma kwa dole gumba katikati uingie kama sentimita moja, usizidi sana.

Inachemsha ikipata mwendo mkubwa au mlima, na kwenye foleni imetulia: rejeta haipitishi. Tazama nje kwanza. Vumbi, wadudu na oili hujaza nafasi za mapezi, hasa pale rejeta ya kiyoyozi inapoziba ile ya injini. Osha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mpira wa kuoshea gari wenye nguvu nyingi hulaza mapezi, na ukishayalaza umeziba mwenyewe.

Inachemsha popote, muda mfupi tu baada ya kuwaka: nenda namba 12.

11. Geji inaweza kukudanganya

Mshale wa geji za magari mengi umetengenezwa usimame katikati kwa nafasi kubwa ya joto, halafu uruke juu ghafla wakati umeshachelewa. Tena sensa hupima maji, si chuma. Maji yakimwagika yote, sensa inabaki hewani, mshale unashuka, na dereva anafurahi gari limepoa wakati hedi inaungua. Mshale ukishuka ghafla safarini, simama upesi kama ungesimama ukipanda. Mwenye kazi ya kila siku afunge geji ya pili yenye namba, na kengele yake.

12. Kabla ya kulipia gasketi

Silinda hedi za 2L na 1KZ zina sifa ya kupasuka zikichemshwa mara moja tu vibaya, kwa hiyo hofu ya mafundi ina sababu. Lakini dai ushahidi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa. Mapovu yasiyokoma yanayopanda ni gesi ya silinda inayopenya. Hosipaipu ya juu ikiwa ngumu ndani ya dakika moja ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto, ni ushahidi wa pili. Wa tatu uko kwenye kipimo cha oili: rangi ikigeuka ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na usiwashe tena hata kulisogeza.

Hedi ikishushwa, ipelekwe kupimwa ufa kwa shinikizo na kusawazishwa kwa mashine. Kubadilisha gasketi peke yake juu ya hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili.

13. Ikichemsha barabarani

Zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho kama mabomba yake hayajakatwa, tafuta pa kuegesha. Maji yakiwa bado yamo, acha injini izunguke juu kidogo kwa dakika moja au mbili ili pampu na feni vifanye kazi. Yakiwa yamemwagika, zima hapo hapo.

Usikimbilie kufungua kifuniko cha rejeta. Maji yale yako juu ya nyuzi 100 na shinikizo ndilo linaloyazuia yasilipuke. Ukifungua yanakuwa mvuke usoni mwako. Subiri nusu saa au zaidi. Kisha weka kitambaa kizito, zungusha hadi hatua ya kwanza, acha ipumue, ndipo ufungue. Ongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka. Maji ya baridi yakimwagwa kwa pupa kwenye chuma cha moto hupasua hedi ambayo ilikuwa imenusurika.

Na hapa, kwenye dharura, maji ya kisima yanaruhusiwa. Yatolewe ukifika nyumbani.

14. Inawaka asubuhi, inagoma ikiwa ya moto

Umezima kushusha mzigo, ukirudi haiwaki, mtu anamwagia maji pampu ya dizeli, inawaka. Wengi wanadhani ni uganga. Ni pampu iliyolika ndani: dizeli ya moto huwa nyepesi na huvuja kwenye nafasi zilizolika, basi pampu haipati nguvu ya kufungua nozeli. Ukiipoza, dizeli inakuwa nzito tena. Maji hayatibu, na chuma kinachopozwa ghafla kinaweza kukwama.

Kinachozila pampu hizi ni mafuta ya taa ndani ya dizeli, kwa kuwa pampu hulainishwa na dizeli yenyewe na mafuta ya taa ni makavu. Uchakachuaji ulitutesa sana. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hali ni nafuu, ila dizeli ya vidumu ya kando ya barabara bado haina mdhamini. Jaza kituoni, omba risiti, na mwaga maji ya chini ya filta ya dizeli mara kwa mara, zaidi wakati wa masika.

15. Kwa mwenye kirikuu

Injini yako ya petroli ya cc 660 iko chini ya kiti na rejeta iko mbele, kwa hiyo mabomba ya maji ni marefu na hewa hujificha humo. Kila ukibadilisha maji, nyanyua pua ya gari, jaza polepole injini ikizunguka, mpaka feni ya umeme iwake yenyewe na kuzima. Feni isipowaka, pima fyuzi, rilei na sensa kabla ya kununua feni. Asubuhi ikigoma na plagi ni nyeusi, sensa ya joto la maji huenda inaidanganya kompyuta. Ipimwe kwa mashine. Na tofali ulizopakia, nusu zibaki kwa safari ya pili.

16. Ukipewa mzigo wa Njombe

Hapo ndipo pikapu ya Kipawa inapokutana na baridi ya kweli. Juni na Julai usiku wa Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, na Makete huko Kitulo nyasi huamka na barafu. Hita mbili zilizokufa, ambazo Dar zilikucheleweshea dakika moja, zitakulaza huko. Zipime zote kabla ya kuondoka, pima betri, na kama unatumia oili nzito ya namba moja ya SAE 40, badilisha uweke 15W-40 ili stata isizungushe tope alfajiri.

Kabla ya Njombe kuna mlima wa Kitonga. Panda kwa gia ndogo, injini ikizunguka vya kutosha kusukuma maji na feni. Gia kubwa yenye mzunguko mdogo ndiyo inayochemsha. Zima kiyoyozi tangu chini. Na kumbuka kile kifuniko cha namba 9: Njombe iko karibu mita 1,900 hadi 2,000 juu ya bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Injini yako inafanya kazi kwenye joto hilohilo. Kifuniko kibovu kilichokuvumilia Kipawa kitakumwagia maji Makambako. Beba kipya, hosipaipu ya juu, klempu nne, mkanda wa feni, na lita tano za kulanti iliyochanganywa tayari nyumbani.